Mzaha wa Mafundi na Haki ya Kujibu

Wahenga walisema kuwa mzaha mzaha hutumbua usaha. Methali hii ni fupi, na ukweli wake hauna shaka, lakini imetumiwa vibaya na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wanaoitaja kila waonapo wafanyakazi wakicheka, kana kwamba kicheko chenyewe ndicho jipu. Wa pili ni wale walioichoka wakaitupa, wakadai kuwa zama za kompyuta hazina haja na maonyo ya wazee, na kwamba katika kazi hizi mpya kila mzaha ni heri. Ubishi wa pande hizi mbili umeingia katika ofisi za mafundi wa kompyuta, mahali ambapo watu wachache walioketi katika chumba kimoja hutunga programu zitakazotumiwa na mamilioni ya watu wasiowajua. Upande mmoja wataka chumba hicho kiwe kimya kama chumba cha mtihani. Upande wa pili wataka kicheko kigawiwe kwa saa maalumu, kama chai ya saa nne.

Pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja. Zimebishana kama mafundi wacheke au wasicheke, wala hazikuuliza swali linalotangulia: je, anayetaniwa ana nafasi ya kujibu? Mzaha unaoweza kujibiwa na yule anayetaniwa ni utani, na utani ni jambo la heshima lenye sheria zake. Mzaha usioweza kujibiwa ni ubabe, hata ukivikwa nguo za sherehe. Kwa mizani hiyo yapasa kila mzaha wa mafundi upimwe, na kwa mizani hiyo mengi yanayosifiwa leo yataonekana kuwa mepesi.

Yafaa waanze kujibiwa wapenda ukimya, maana hoja yao ndiyo rahisi kuvunjika. Wao husema kuwa kazi ya kompyuta ni kazi ya hesabu, na hesabu haina mzaha. Kumbukumbu za kazi yenyewe zasema vingine. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi waliokuwa wakiendesha kompyuta iliyoitwa Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenaswa katika swichi mojawapo ya mtambo wao. Walimtoa, wakambandika kwa utepe wa gundi katika daftari la kazi, wakaandika kwamba hicho ndicho kisa cha kwanza cha mdudu kuonekana kweli. Mzaha huo hauna utamu mpaka ijulikane kwamba mafundi wa Marekani walikuwa wamekwisha kuzoea kuita hitilafu ya mtambo "mdudu". Thomas Edison alilitumia neno hilo katika barua zake za miaka ya 1870. Basi mafundi wa Harvard hawakubuni neno. Walicheka kwa sababu neno la mfano liligeuka mbele ya macho yao likawa kiumbe chenye mbawa. Grace Hopper, aliyekuwa mmoja wa wataalamu wa kompyuta hiyo, alikisimulia kisa hicho kwa miaka mingi, na daftari, pamoja na nondo wake, limehifadhiwa katika makumbusho mjini Washington. Aliyechekwa hapo hakuwa mtu wa mbali. Mafundi walijicheka wenyewe, pamoja na mtambo wao mkubwa ulioingiliwa na mdudu mdogo. Na daftari lile halikuharibika kwa mzaha. Lilipata ukurasa mmoja unaokumbukwa kuliko kurasa nyingine zote.

Mfano wa pili watoka katika hati zinazoweka kanuni za intaneti, ambazo hutolewa kwa namba na kuitwa RFC. Tarehe 1 Aprili 1990, siku ambayo watu wengi duniani huiita Siku ya Wajinga, David Waitzman alitoa hati namba 1149. Hati hiyo yaeleza, kwa lugha ile ile kavu ya hati za kweli, jinsi ya kupeleka habari za intaneti kwa njiwa: habari ichapwe katika kikaratasi, kikaratasi kizungushiwe mguu wa ndege, ndege arushwe. Asiyeijua kazi hii huona upuuzi mtupu. Anayeijua huona somo. Kanuni kuu ya intaneti ni kwamba habari hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikabeba anwani yake, na kanuni hiyo haijali kipande kimebebwa na nini, kiwe kimebebwa na waya, na mawimbi ya redio, au na ndege. Tarehe 28 Aprili 2001 chama cha wapenzi wa Linux cha Bergen, Norway, kiliijaribu hati hiyo kwa njiwa wa kweli. Vipande 9 vilipelekwa, majibu 4 yakarudi, na lililowahi kuliko yote lilichukua zaidi ya dakika 50. Kanuni ilifanya kazi barabara. Waliochelewa ni njiwa. Mwalimu yeyote angefurahi kuwa na somo linaloshika kichwani namna hiyo.

Mfano wa tatu ni wa Donald Knuth, mwandishi wa vitabu vikubwa vya elimu ya kompyuta. Yeye aliahidi kumlipa dola 2.56 kila msomaji atakayemwonyesha kosa katika vitabu vyake. Kiasi hicho ni senti 256, na 256 ni namba ya nyumbani kwa mafundi wa kompyuta, kwa kuwa ni mbili kwa kipeo cha nane. Wasomaji wengi waliopata hundi hizo hawakuzipeleka benki, bali walizitia katika fremu. Ilipofika mwaka 2008 wizi wa hundi ulimlazimisha Knuth kuacha kutoa hundi za kweli. Tangu hapo akatoa hati za benki ya kubuni iliyoko katika nchi ya kubuni. Mzaha huo wampiga nani? Wampiga Knuth mwenyewe. Nani aweza kuujibu? Msomaji yeyote mwenye kalamu na macho makali. Na kila jibu lina faida mbili, heshima kwa aliyejibu na usahihi kwa kitabu.

Wapenda ukimya watasema kwamba hata mzaha mwema una gharama. Hilo ni kweli, na si vema kulificha. Tarehe 1 Aprili 1998 Larry Masinter alitoa hati namba 2324 juu ya kanuni za kuendesha birika la kahawa kwa intaneti, akiwadhihaki waliokuwa wakizipachika kanuni za tovuti mambo yasiyozifaa. Ndani yake mlikuwamo jibu namba 418, ambalo birika la chai hulitoa likiombwa kahawa. Watunga programu waliupenda mzaha huo mno hata wakautia katika programu za kweli. Mwaka 2017 Mark Nottingham, mtaalamu wa kanuni hizo, aliomba namba hiyo iondolewe katika programu kadhaa. Wapenzi wa birika wakapinga, hoja zikapelekwa na kurudishwa, na namba ikabaki. Mwaka 2022 hati namba 9110 iliandika kuwa 418 haitumiki, wala haiwezi kupewa kazi nyingine, kwa sababu mzaha umekwisha kuenea. Majibu ya kundi hilo huanzia 400 hadi 499, yaani ni mia tu, na moja limeliwa na birika la chai. Gharama ipo. Lakini na itazamwe jinsi ilivyolipwa: aliyeona madhara alisema, waliopenda mzaha walijibu, na mwisho wa shauri uliandikwa mahali ambapo kila fundi aweza kusoma. Mzaha uliojadiliwa hivyo haukumwonea mtu.

Wapenda ukimya wamekwisha kujibiwa. Wapenda mzaha ndio wenye hatari kubwa zaidi, maana wao wana nguvu na fedha, na kabla ya kuwajibu yafaa kuuliza maana ya jambo wanalolipigania. Hapo Kiswahili chaweza kuwafundisha wanaojiona kuwa walimu wa dunia. Mzaha ni jina la jumla. Masihara ni mzaha usiokusudiwa kufika mbali. Kejeli na dhihaka hulenga kumshusha mtu. Stihizai ni dhihaka iliyokomaa, ambayo haitaki tena kicheko bali yataka jeraha. Lakini utani uko mbali na hayo yote, kwa sababu si namna ya maneno tu bali ni uhusiano wa watu. Babu na mjukuu ni watani. Wangoni na Wahehe, ambao wazee wao walipigana vita vikali katika karne ya 19, ni watani. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown alitoa makala mashuhuri juu ya uhusiano wa namna hii, akieleza kuwa ndani yake mtu huruhusiwa na desturi kumchokoza mwenziwe, naye mwenziwe hutakiwa asikasirike.

Mbishi mwenye elimu atadakia hapa. Atasema kwamba Radcliffe-Brown huyo huyo alitaja namna mbili za utani, moja ambayo pande zote mbili huchokozana, na nyingine ambayo mmoja huchokoza na mwenziwe huvumilia. Basi utani usio na jibu upo. Upo, lakini haumfai mbishi. Hata katika namna hiyo ya pili anayechokozwa amekua akiijua desturi, anamjua mtani wake ni nani na mipaka yake ni ipi, na aliyetoa ruhusa si mchokozi bali ni jamii nzima. Isitoshe, mtani ana deni. Msibani yeye ndiye afanyaye vituko mbele ya wafiwa, akamwiga marehemu, akadai malipo ndipo kazi iendelee. Na yeye huyo huyo ndiye ashikaye kazi za mazishi ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Kwa hiyo sheria ya utani ina nguzo tatu: kujuana, kujibu, na kuwajibika. Mwenye kutania bila ya nguzo hizo si mtani. Ni mtu aliyeingia nyumba ya watu akicheka.

Nguzo ya kwanza, ya kujuana, mafundi wenyewe waliigundua kwa hasara. Mwezi Septemba 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, wataalamu walikuwa wakiandikiana kwa kompyuta juu ya fumbo la fizikia, yaani lifti ikikatika kamba na kuanguka, tone la zebaki lililo ndani yake litakuwaje. Mmoja wao akaandika tangazo la mzaha kwamba lifti fulani ya jengo imechafuliwa na zebaki na kuungua kidogo. Wengine waliosoma bila ya kuona mwanzo wa mazungumzo walilichukua kuwa onyo la kweli. Tarehe 19 Septemba mwalimu Scott Fahlman akapendekeza dawa: maneno ya mzaha yafuatwe na alama :-) na yasiyo ya mzaha yafuatwe na alama :-( ili msomaji ajue. Watu wengi wa leo huzitumia alama hizo, na vizazi vyake vyenye rangi, pasipo kujua kuwa zilizaliwa na mzaha uliopotea njia. Hao walikuwa wasomi wa chuo kimoja, wenye lugha moja na kazi moja, na bado hawakutambuana. Mzaha ukitoka nje ya watu wanaojuana hupoteza uso wake. Ikiwa hivyo ndivyo kwa jirani wa jengo moja, itakuwaje kwa mzaha unaopelekwa kwa watu wa mabara yote kwa siku moja?

Jibu lilipatikana tarehe 1 Aprili 2016. Siku hiyo kampuni ya Google iliweka katika Gmail, huduma yake ya barua pepe, kitufe kipya kando ya kile cha kupelekea barua. Aliyekibonyeza alipeleka barua yake pamoja na kijipicha cha kikaragosi wa sinema akidondosha kipaza sauti, ishara ya mtu aliyekwisha kusema neno la mwisho. Wala mambo hayakuishia hapo. Kitufe hicho kiliyazima mazungumzo, hata majibu ya barua hiyo yakawa hayaonekani tena katika sanduku la mwandishi. Watu walikibonyeza kwa kuteleza. Na kampuni yenyewe ilikiri kuwa palikuwa na hitilafu iliyozidisha adha. Wengi wakalalamika kuwa barua zao za kazi na za mambo mazito zimekwenda na kikaragosi. Siku haikwisha kabla kitufe hakijaondolewa na radhi kuombwa.

Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu. Katika mizaha mingi jibu hukosekana kwa aibu au kwa woga; katika mzaha huu jibu lilikatwa na mtambo wenyewe. Aliyetaniwa hakuwa fundi aliyeketi meza ya pili, ambaye angeweza kulipiza kesho yake. Alikuwa mtu aliyeandika barua ya kuomba kazi, au ya kumjibu mteja, au ya kumpa rafiki pole, naye hakuwahi kuulizwa kama ataka kutaniwa. Wanaokitetea kitufe husema kuwa nia ilikuwa njema. Nani aliyekana nia? Mtani wa kweli huja msibani na nia njema na jembe. Kitufe kilikuja na nia njema tu.

Kampuni hiyo hiyo ina somo jingine la kufundisha. Ilipotangaza Gmail yenyewe, tarehe 1 Aprili 2004, iliahidi kila mtu nafasi ya gigabaiti 1 wakati ambapo huduma kubwa nyingine zilitoa megabaiti chache tu. Wengi wakadhani ni mzaha, kumbe ilikuwa kweli. Mwenye kuchezea tarehe moja kila mwaka hununua kicheko kwa imani ya watu. Mwaka 2019 Chris Capossela, mkuu wa masoko wa Microsoft, aliwaagiza wafanyakazi wenzake wasitoe mizaha ya hadharani siku hiyo. Mwaka 2020 Google nayo iliiacha kwa sababu ya maradhi ya COVID-19, kwa kuona kuwa dunia ina msiba. Uamuzi huo ulikuwa mwema, na ndio unaoleta swali. Je, kabla ya mwaka 2020 hapakuwa na mwenye msiba hata mmoja miongoni mwa mamilioni waliofungua barua zao siku ya 1 Aprili? Walikuwapo kila mwaka. Hawakuonekana tu, na asiyeonekana hawezi kujibu.

Yamkini mtu atasema kuwa watumiaji walindwe, lakini ndani ya ofisi mafundi waachwe wataniane wapendavyo. Jambo hili nalo lataka sheria. Mwezi Machi 2013, katika mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python uliofanyika Santa Clara, California, wanaume wawili katika hadhira walitaniana kwa maneno ya kazi waliyoyapa maana ya pili, ya aibu. Mwanamke wa kazi hiyo hiyo, aliyeketi mbele yao, aliyasikia, akawapiga picha, akaitangaza hadharani pamoja na malalamiko yake. Mmoja wa wale wanaume alifukuzwa kazi. Kisha mwanamke akaandamwa kwa matusi na vitisho, tovuti ya mwajiri wake ikashambuliwa, naye pia akafukuzwa. Watu walipigana kwa maneno miezi mingi wakiuliza nani alikuwa na haki, na kila kundi likamshika mtu wake.

Lakini swali lao lilikuwa dogo. Wanaume wale walikuwa watani wao kwa wao; hawakuwa watani wa aliyeketi mbele yao, ambaye hakuwa katika uhusiano huo wala hakuitwa. Yeye, katika ukumbi ambao wanawake walikuwa wachache kuliko wanaume, alilazimika kuchagua baina ya kunyamaza na kupiga kelele, maana njia ya katikati haikuwa wazi mbele yake. Jibu lililokosa mlango mdogo lilipita katika mlango mkubwa, likavunja kuta. Na waajiri waliofukuza hawakuhukumu mzaha wala malalamiko; kwa jinsi mambo yalivyoonekana, walizima kelele. Mahali penye sheria ya utani hapahitaji kufukuza watu wawili ili ukimya urudi. Pana mtu wa kumwambia mtani kuwa amepita mpaka, pana faini ya kulipa, na kesho yake kazi yaendelea.

Sasa yafaa kuwageukia wale wanaoutangaza mzaha kama dawa ya biashara. Mwaka 2021 Jennifer Aaker na Naomi Bagdonas, waliofundisha somo la ucheshi katika shule ya biashara ya Stanford, walitoa kitabu kiitwacho Humor, Seriously, ambacho jina lake la pili lauita ucheshi silaha ya siri katika biashara na maisha. Waandishi hao hawakusahau kuonya juu ya mzaha unaoumiza, na si haki kuwasingizia kuwa hawakuonya. Lakini neno silaha limechaguliwa, na mwenye kuchagua neno hujibu kwa ajili yake. Silaha huelekezwa kwa mtu. Mkuu wa ofisi akiambiwa kuwa ucheshi ni silaha, ataielekeza wapi? Mbele yake wameketi watu ambao mshahara wao na cheti chao cha mwisho wa mwaka viko mkononi mwake. Akitania, watacheka. Watacheka hata kama mzaha ni butu, hata kama ni juu yao wenyewe, na mkuu atarudi nyumbani akiamini kuwa ofisi yake ina furaha. Kicheko cha namna hiyo hakina tofauti na kusimama bwana mkubwa anapoingia.

Kuna na jambo la lugha, ambalo wapenda mzaha wa Stanford na wa kwingineko hulisahau. Mizaha mingi ya kazi hii imezaliwa Marekani na Uingereza. Lugha ya Python, aliyoianza Guido van Rossum mwishoni mwa mwaka 1989, ilipewa jina la kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, na maelezo yake yamejaa vidokezo vya michezo yao. Hilo si kosa. Kila mtu hucheka kwa alichokulia. Kosa huingia pale kijana wa Dodoma, au wa Kisumu, au wa Hanoi, anapopimwa uhodari wa kazi kwa kujua au kutojua mchezo wa televisheni wa nchi ya watu. Huyo hucheka kwa adabu mzaha asiouelewa, na kila akicheka hujiona mgeni zaidi. Mzaha uliokusudiwa kuwakaribisha watu umekuwa mlango wenye ufunguo mmoja.

Nguzo ya mwisho ni ya kuwajibika, na hapo alama za Fahlman zarudi. Mwaka 2012 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 8, na katika skrini ya buluu inayotokea kompyuta ikikwama ikachora uso wa huzuni kwa nukta mbili na mabano. Watetezi watasema kuwa huo si mzaha bali ni huruma. Na iwe huruma. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zikakwama. Ndege hazikuruka, na hospitali ziliahirisha matibabu. Uso ule haukusababisha hitilafu, wala si haki kuulaumu kwa hilo. Lakini ndio uliosimama mbele ya wauguzi na makarani wa viwanja vya ndege saa zile, ukiwahuzunikia pasipo kuwasikia. Alama ambayo mwaka 1982 ilibuniwa kusema "huu si mzaha" ilikuwa imegeuzwa pambo. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kuwa skrini hiyo itakuwa nyeusi na uso utaondolewa. Huzuni isiyo na masikio haimfai mwenye shida. Amfaaye ni mtu wa kupokea simu.

Mambo haya si ya mbali na pwani na bara ya Afrika Mashariki. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, mamilioni ya watu wamezoea kupata habari za fedha zao kwa ujumbe mfupi wa simu, na vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hutunga programu ambazo maisha ya watu yamefungwa nazo. Vijana hao huwasoma mafundi wa Marekani na kuwaiga, wema wao na makosa yao. Na afikiriwe mama anayeuza samaki sokoni, ambaye alfajiri ya 1 Aprili asoma katika simu yake kwamba salio lake limeliwa na papa. Mtunzi wa maneno hayo atakuwa amelala, au atakuwa akicheka na wenziwe. Mama hamjui, hana namba yake, na lugha ya kumjibu hana. Kabla ya kugundua kuwa ametaniwa atakuwa amekwisha kuacha biriani la asubuhi, kufunga meza, na kukimbilia kwa wakala.

Basi yapasa mafundi wasikatazwe kucheka, wala wasiamriwe kucheka. Na waandike nondo wao katika madaftari, na hati zao za njiwa, na wamlipe senti 256 kila anayewakosoa. Na wataniane kwa lugha zao, wakijua nani mtani wa nani, na pawepo mtu katika kila ofisi ambaye mdogo aweza kumwendea na kusema kuwa mpaka umepitwa, bila ya kupoteza kazi yake wala kumpotezea mwenziwe. Lakini mzaha ukitaka kutoka ofisini na kuingia katika programu, na usimamishwe mlangoni na kuulizwa maswali matatu: anayekwenda kuupokea ni nani, ataupokea katika saa gani ya maisha yake, na akitaka kujibu atajibu kwa njia gani. Aliyeuleta akishindwa kujibu hata swali moja, auache ofisini, awachekeshe wenziwe.